Karani wa Mpaka Lini

Ukimwomba Karani msaada wowote, hata wa kukushikia ngazi, alikuuliza kwanza mpaka lini. Siku moja lori lilikwama kwenye tope nyuma ya stendi ya Makambako, watu wakaitana kulisukuma. Karani alikuja, akavua koti, akalikunja vizuri na kuliweka juu ya jiwe, halafu akamwendea dereva. "Mpaka wapi?" Dereva akasema mpaka pale kwenye lami. Basi Karani alisukuma mpaka pale kwenye lami, akaachia, akarudi kuchukua koti lake. Lori lilizima hatua chache mbele, na wenzake wakamwita wee mpaka sauti zikawakauka. Alikuwa mtu wa kuudhi, nisiwadanganye. Nilimpenda sana, na alikuwa mtu wa kuudhi.

Alikuwa amestaafu ukarani wa mahakama ya mwanzo zamani, kabla sijahamia chumba cha jirani yake. Jina la kazi lilibaki likawa ndilo jina lake. Kazi yake ya uzeeni, ambayo hakuna aliyemtuma wala kumlipa, ilikuwa kuwaandikia makubaliano watu wanaojitolea. Mwalimu anayefundisha bure shule ya kata, mama anayepima watoto zahanati, msichana anayepanga mafaili kwa mtendaji wa kata huku akisubiri ajira, wote hao alitaka wawe na karatasi. Karatasi ilisema unaanza lini, unafanya kazi gani, ipi siyo yako, ukiumia nani anakupeleka hospitali, na unamaliza lini. Alipiga nakala tatu kwa taipureta na karatasi za kaboni: yako, ya ofisi, na yake. Jumatatu na Alhamisi mlango wake ulikuwa wazi tangu asubuhi, jiko la mkaa chini ya meza, upepo wa Makambako ukipuliza karatasi zote zisizowekewa jiwe.

Sasa mtu huyu aliyeuliza kila mtu mpaka lini, yeye mwenyewe hakuwa na mwisho. Hilo ndilo tulilogombania. Macho yake yalikuwa yanaondoka. Daktari wa macho alikwishamwambia aachane na herufi ndogo, binti yake aliyeolewa Matamba alikwishamtengea chumba chenye dirisha linalopata jua, na yeye akaendelea kupiga chapa pua ikikaribia kugusa karatasi. Kila nilipomwambia apumzike alinijibu kwamba watu watakuja Alhamisi. Kweli, Alhamisi walikuja.

Ukitaka kumchemsha, ungemtajia sheria. "Sheria ya kazi inamjua mwajiri, inamjua mwajiriwa," alikuwa akisema, huku akivihesabu vidole. "Huyu wa tatu anaitwa tu aje asaidie. Akidondokewa na dirisha la ofisi, tunamwombea." Miongozo ya serikali juu ya kujitolea alikuwa nayo, kila waraka uliomfikia, umepigiwa mistari kwa wino mwekundu. Aliiheshimu, lakini alisema mwongozo unaomba na sheria inadai, na yeye alitaka mtu wa kujitolea aweze kudai. Alikuwa anasubiri sheria kamili ya nchi nzima, inayojitegemea, yenye haki za mtu huyo ukurasa huu na wajibu wake ukurasa wa pili. Bunge likianza, alisogeza redio mezani na kutunyamazisha wote uani. Wabunge waliongea juu ya barabara, mbolea na maji, na yeye alisikiliza hadi mwisho, halafu akaizima na kusema labda kikao kijacho.

Wakati akisubiri, aliandika ya kwake. Ilikuwa kwenye kaunta buku, kwa mkono, vifungu kwa vifungu. Aliniruhusu kuisoma siku moja ya mvua. Nilitegemea maneno makubwa, nikakuta mambo ya kawaida kabisa. Mtu wa kujitolea asiachiwe kazi ya mwajiriwa ili mwajiriwa aende mjini. Asitumwe nyumbani kwa mkubwa kuosha vyombo. Aambiwe mapema kama hakuna ajira mbele yake, asidanganywe kwa matumaini. Na ukurasa wa pili: afike saa aliyosema atafika, atunze siri za watu, asiombe chochote kwa anaowahudumia, na akitaka kuondoka aseme kabla, aache ufunguo na amwoneshe anayebaki kila kitu kilipo.

Ukurasa wa pili ulinipata mimi. Nilikuwa nafundisha hesabu kwa kujitolea, mwaka wa tatu sasa, bila karatasi wala ahadi, na Ijumaa moja nikaenda mnadani badala ya darasani. Karani alinisubiri uani.

"Mwalimu, leo Ijumaa."

"Najua, mzee. Kwani wananilipa?"

"Hawakulipi, ndiyo. Uliwaambia watoto utakuja Ijumaa, hukuwaambia?"

"Niliwaambia."

"Basi uliwaahidi watoto. Mshahara haukuwepo mlipoongea."

Nilinuna wiki nzima. Nilipika maandazi nikagawa kwa wapangaji wote nikamruka yeye. Alikaa mlangoni pake akanusa. Nilidhani tangu mwanzo kwamba yuko upande wetu sisi tunaotumiwa bure. Nilipomwambia hivyo alicheka kidogo, akasema yeye yuko upande wa kilichoandikwa.

Hata kanisani hakuacha. Alikuwa Mlutheri wa benchi la mbele, sweta la sufu na tai hata Julai ile ya Njombe inayouma masikio, na hakuwahi kugusa pombe ya ulanzi, alikunywa togwa tu. Siku moja akasimama kwenye kikao cha usharika kuuliza akina mama wanaofagia kanisa na kupika kwenye semina wamepangiwa mpaka lini. Mchungaji akamjibu kwa upole kwamba akina mama hawa wanamtumikia Mungu.

"Mchungaji, Mungu hajaishiwa mafagio," Karani akasema. "Ninayeongea naye ni wewe."

Watu waliguna. Wengine wamemkasirikia mpaka leo. Lakini Jumapili chache baadaye kukawa na orodha ya zamu ukutani, na majina ya wanaume wawili yakawemo, na moja lilikuwa lake. Alifagia vibaya sana. Mke wa mzee wa kanisa alikuwa anapita nyuma yake na fagio la pili.

Msidhani aliishi kama alivyohubiri. Nilimkuta asubuhi moja amebeba ndoo ya maji kwenda kwa jirani aliyekuwa amelazwa kitandani na mgongo. Nilikuwa naisubiri kwa hamu siku kama hiyo.

"Shikamoo mzee. Makubaliano yako wapi?"

"Marahaba. Huyu ni jirani."

"Mpaka lini?"

Akaniambia niende nikasahihishe madaftari yangu. Alichota maji yale mpaka jirani akainuka, na hata alipoinuka aliendelea siku kadhaa, akisema ndoo imezoea njia. Kupeleka maji kwa jirani, kukaa msibani, kwenda kulimiana mashamba kwa kualikana, hayo aliyaweka mbali na karatasi zake. Alisema kule watu wanajuana na kesho zamu itarudi. Ofisi haina zamu ya kuja kulima kwako.

Kulikuwa na neno moja lililomchukiza kuliko yote, nalo ni moyo. Kiongozi akija kwenye shughuli akasema tunawashukuru hawa kwa moyo wao wa kujitolea, Karani alitikisa kichwa. "Moyo wake mwachieni mwenyewe," alisema. "Tuongee saa zake." Nilimwuliza mara moja kwa nini linamkera hivyo. Alijibu baada ya miezi, tukiwa tunachambua maharage, kama vile swali nilikuwa nimeliuliza dakika hiyo.

Mahakamani kwake, alisema, kulikuwa na mama aliyefagia kwa kujitolea akitumaini siku moja ataandikwa kazi. Alifagia miaka. Kila shughuli walimsifu moyo wake. Asubuhi moja hakuja, wala ya pili, wala ya wiki iliyofuata. Hakimu akamwagiza Karani amtafute, aandike barua. Karani akachukua kalamu akagundua hajui amwandikie nani. Alijua jina moja tu, jina la kuitia. Hakujua la baba yake, wala kijiji, wala ndugu zake wako wapi.

"Nilikuwa nainua miguu ili afagie," aliniambia. "Miaka yote hiyo nainua miguu. Mimi, karani, kazi yangu majina."

Hakumpata. Ndiyo maana kila karatasi yake ilianza na majina matatu kamili na mahali mtu anapolala. Na ndiyo maana ilimalizia na kifungu ambacho ofisi zote zilikicheka: kwamba siku ya mwisho mtu huyu ataagwa mbele ya watu aliowahudumia, saa itaandikwa, na yeye mwenyewe atatia sahihi kwamba amemaliza. Mwajiriwa akistaafu, alisema, anapewa keki na blanketi na hotuba tatu. Wa kujitolea siku moja haonekani tu, na watu wanasema labda amepata kitu mahali.

Mimi niliagwa. Alinikalisha Jumatatu moja akanipigia karatasi ya mwaka mmoja, na mkuu wa shule alicheka, akatia sahihi ili yaishe. Mwaka ulipofika ukingoni mkuu yule yule alinibembeleza nibaki, akisema wanafunzi watalia, na kweli walilia. Nilirudi nyumbani nimeshawishika. Karani alinisikiliza, akaniuliza kama nataka kubaki au naona haya kuondoka. Nililia mimi pia, kwa sababu nilikuwa naona haya. Nilikuwa nimechoka tangu mwaka wa pili na sikuwa najua kwamba inaruhusiwa kuchoka. Siku ya mwisho walinisimamisha mstarini mbele ya shule nzima, wakanipa blanketi na cheti, nikatia sahihi, saa nne na dakika kumi. Cheti hicho ndicho nilichokiweka juu ya barua zangu nilipoomba kazi kwa wanunuzi wa parachichi, ambako niko mpaka leo, naandikisha wakulima. Karani hakuacha kuniita Mwalimu.

Kazi hiyo ya parachichi ndiyo iliyonifikisha kijiji cha Kichiwa, majuzi haya, siku ambayo sikuitaka.

Nilikwenda na gari la ofisi kuorodhesha miche. Kwenye shamba la kwanza nikamkuta mama ninayemfahamu, anapalilia viazi. Alikuwa mhudumu wa kujitolea wa zahanati ya kijijini kwao. Ndiye aliyewaning'iniza watoto kwenye mizani na kuandika kadi, na kuwafuata nyumbani wale wasioletwa. Mwaka na nusu hivi nyuma nilikuwa nimemwona chumbani kwa Karani akisubiri zamu yake. Ilikuwa siku ya kliniki, na akina mama walikuwa wanapita njiani na watoto mgongoni.

"Kamwene, mama. Leo hampimi?"

"Kamwene. Wanapima. Mimi nilimaliza."

Alisema huku anaangalia viazi. Nikamwuliza alimaliza lini. Akasema mganga mfawidhi mpya, yaani mkuu wa zahanati, alipofika alipitia mafaili yote, akamwita, akamwonesha kwamba muda wake umekwisha, akamshukuru. Tangu hapo yuko nyumbani. Hakuagwa, kwa sababu tarehe ilikuwa imeshapita walipoiona.

"Hukuuliza?"

"Niulize nini? Karatasi ya Mzee Karani haikosei."

Aliingia nyumbani kwake, kando ya shamba, akaileta, imefungwa kwenye nailoni. Nilisoma. Juu iliandikwa miaka miwili. Chini, penye tarehe ya mwisho, tarakimu ya mwaka ilikuwa imepungua moja. Alikuwa amepewa mwaka mmoja. Niliangalia ile tarakimu tena. Nilikijua kidole kilichoipiga, na nilijua kilikuwa kinatafuta herufi kwa kupapasa.

"Nilikaa nikifikiri nimekosea nini," mama akasema. "Labda siri ya mtu ilinitoka. Nimehesabu nyumba zote nilizoingia."

Njia nzima ya kurudi Makambako nilitafuta namna ya kutomwambia. Ningeweza kwenda kwa mganga kimyakimya, tukarekebisha, na mzee asingejua. Lakini nilijua angeniuliza iko wapi nakala. Nilimkuta uani, nikakaa, nikamweleza yote bila kuzunguka. Aliingia ndani, nikamfuata, akatoa nakala yake kwenye boksi, akaipeleka dirishani, akaishika karibu, halafu mbali, halafu akanipa.

"Nisomee tarehe."

Nikaisoma. Akaniambia nisome tena, nikasoma tena. Alikaa kitandani mikono imelala magotini, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwona ni mzee. Nilimhurumia, na pia nilikuwa na hasira naye, kwa sababu nilikuwa nimemwambia apumzike.

"Kliniki nyingine lini?" akauliza.

Tulikwenda pamoja. Alivaa tai. Zahanati ilikuwa imejaa akina mama, watoto wanalia kwenye mizani, na mganga mfawidhi alitupokea vizuri ingawa alidhani tumekuja kulaumu. Karani alimwomba ruhusa ya kusema, na mama wa Kichiwa akaitwa kutoka shambani. Alikuja na jembe, akalisimamisha ukutani.

Karani alisimama katikati ya wale akina mama. Akamtaja mama yule majina yake matatu, kwa kichwa, bila karatasi.

"Huyu hakukosea," akasema. "Hakutoa siri, hakuchelewa, hakuna nyumba aliyoharibu. Niliyekosea ni mimi. Niliandika mwaka siuoni, na sikumwambia mtu kwamba siuoni. Mama, naomba unisamehe."

Mama alisema amesamehe, mzee akae, lakini mzee hakukaa. Mganga alisema hata leo mama anaweza kurudi, tena akifurahi, maana kadi zilikuwa zimemshinda. Nilikuwa nimekuja na karatasi tupu. Karani akanigeukia akasema niandike mimi. Kisha akamwuliza mama lile swali lake, mpaka lini, nami nikasubiri kuandika miaka miwili.

Mama alifikiri. "Mpaka tutakapovuna mahindi mwakani," akasema. "Baada ya hapo nataka nilime viazi vyangu bila kuangalia barabara."

Nikaandika mwezi, nikaandika mwaka, nikausoma kwa sauti mara mbili, wote wakausikia. Mama akatia sahihi, mganga akatia. Halafu mama akaishika kalamu bila kuirudisha.

"Na wewe, mzee?" akamwuliza. "Mpaka lini?"

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimemwuliza neno hilo mara mia kwa utani uani, na siku zote alikuwa na jibu. Sasa aliangalia upande wa mlango, ambako naamini aliona mwanga tu. Nilijua anawaza Alhamisi. Nilitamani nimsaidie, nikajizuia.

"Mpaka leo," akasema.

Basi kilichofuata hakikupangwa. Mama wa Kichiwa alisema mtu haondoki hivi hivi, kifungu kipo, na akina mama wakasimama. Mmoja alifungua kitenge kipya mgongoni, akamhamisha mtoto kwa mwenzake, akamfunga mzee mabegani juu ya koti na tai. Mama wa Kichiwa alisema maneno machache: huyu ametuandikia, akatuuliza majina yetu yote matatu, wengine hatukuwahi kuulizwa. Mganga akaongeza shukrani, akaanza kusema moyo wa mzee, Karani akainua kidole, mganga akasema saa za mzee. Hapo watu walicheka, na mzee naye akacheka, machozi yanamtoka na kitenge kinamteleza begani.

"Mwalimu," akaniambia. "Andika saa."

Nikaangalia. Saa tano kasoro robo. Nikaandika kwamba ameagwa mbele ya aliowahudumia, nikaandika majina yake matatu, nikachora mstari wa sahihi na kumwekea karatasi juu ya meza ya kadi. Aliinama, akaipapasa mpaka akaupata ukingo, akaweka kalamu chini kabisa ya mstari, mahali pasipo na kitu. Alikuwa ameanza kuandika. Nikaishika karatasi kwa vidole viwili, nikaisogeza taratibu, mpaka mstari ukafika ilipokuwa kalamu yake.